Taulo la Kijani

Kilianza kidoleni, cha shahada, mkono wa kulia:
kipele kimoja chekundu,
kama punje ya njegere iliyosahauliwa chini ya ngozi.
Ilikuwa Januari, Liepaja,
upepo ukipiga madirisha kama mdai.

Daktari kijana wa zahanati hakuinua macho.
"Hepesi," alisema huku akiandika. "Vidonge, siku saba.
Huambukizwa kwa mgusano."
Neno hilo, mgusano, nililipakata ndani ya tramu
juu ya mkoba wangu,
nikapitiliza vituo viwili.

Mgusano na nani? Nina mume mmoja,
Gunvaldis, mwendesha winchi bandarini,
zamu za usiku tatu kwa wiki. Au nne.
Usiku ule nilianza kuzihesabu.

Nikamtengea taulo.
Lake la kijani, langu la bluu, kulabu mbalimbali.
Kikombe pia. Hakuuliza,
na kutouliza kwake nako nikakuhesabu.

Vidonge vikaisha, kipele kikabaki.
Nikameza vya siku saba nyingine, kikabaki,
kikapasuka, kikajifunga,
kikazaa mwenzake kwenye kifundo cha kidole,
wa tatu nyuma ya kiganja, wa nne juu ya kiwiko cha mkono karibu,
vikipanda kimoja kimoja
kama wapangaji wanaopandisha magodoro ghorofani
bila haraka, wakijua mwenye nyumba hayupo.

Dada yangu Ausma, ambaye mdomo wake hutoa malengelenge
kila akipata mafua, alinivuta dirishani penye mwanga.
"Yangu hutangulia kunitekenya," alisema, "kama sisimizi,
halafu yanakuja kwa kundi, viputo vimebanana
kama mayai ya samaki. Siku ya kumi yamekwenda.
Ni mgeni mkorofi, lakini anajua kuondoka,
na akirudi hupita mlango uleule.
Huyu wako, Velta, amehamia na vyombo."

Machi, barafu ikilegea,
nikafika kwa Daktari Zigrida.
Kuhusu mume hakuuliza.
Aliugeuza mkono wangu polepole chini ya taa, akasema:
"Nyumbani mnafuga samaki?"

Tunafuga. Tangi la lita themanini, la mwanetu Raitis,
aliyehamia Dublin akatuachia.
Ni mimi ninayelisafisha kila Jumamosi,
mkono wa kulia ndani hadi kwenye kiwiko,
nikisugua ukungu kwenye kioo.
Desemba jiwe lilinikwaruza.
Damu haikutosha kukumbukwa.

Alikata kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa kichanga.
Maabara wakakiweka kwenye joto la mwili; hakikuota kitu.
"Mkipunguzie joto," aliwaambia kwa simu. "Nyuzi thelathini. Na msubiri."
Kuna vijidudu, akanieleza, visivyopenda kukaa karibu na moyo;
hupenda pembezoni, vidoleni, ambako damu imepoa.
Wiki ya nne vikaota.

Si hepesi.
"Na hata ingekuwa," alisema, akiniandikia dawa ya miezi minne,
"wangapi ndani ya tramu yako wanayo, wala hawajui?
Inaweza kulala miaka mwilini kabla ya kujionyesha.
Haikutajii mtu, wala tarehe."

Nilirudi kwa miguu.
Gunvaldis alikuwa amelala, buti zake mlangoni, zimelowa.
Zamu zilikuwa tatu. Nne ni wiki ya meli za mbao;
ratiba imebandikwa kwenye friji tangu vuli,
kwa mwandiko wake.
Samaki walikuja kwenye kioo wakidhani nina chakula.

Nikalitungua taulo la kijani,
nikalitundika kulabu moja na langu.

Jioni alipoamka aliingia bafuni
akasimama muda mrefu. Bomba halikufunguliwa.
Kisha nikasikia mlio mdogo wa kulabu:
alikuwa akilirudisha
kule nilikomzoesha.